Tango bila gauni jekundu: uvae nini ukumbini

*"Shikamoo mwalimu. Nina miaka 46, naishi Berlin, na kwa mwaka mmoja na nusu mimi na mume wangu tumekuwa tukijifunza tango ya Argentina. Agosti tunakwenda Buenos Aires kwa mara ya kwanza, na suala la mavazi limenichanganya. Rafiki yangu anasema bila gauni lenye mpasuo mpaka pajani na viatu vya sentimita tisa hakuna atakayenialika kucheza. Mimi ni mnene kiasi, sipendi kuacha paja wazi, na kidole gumba cha mguu wa kulia kina nundu inayouma nikivaa mchuchumio. Goti nalo limeanza kuuma baada ya mazoezi. Nina vitenge vizuri nilivyoletewa kutoka Dar. Je, naweza kushona gauni la tango kwa kitenge, au nitaonekana kituko? Na mume wangu avae nini?"*

Marahaba, mdogo wangu. Maswali yako ni mengi, lakini hofu iliyo chini yake ni moja: kwamba utasafiri mpaka Buenos Aires, ukeshe umekaa kitini, na sababu iwe nguo. Tuanze na hofu hiyo, kisha twende kwenye goti lako, maana goti limenishtua kuliko gauni.

Picha aliyonayo rafiki yako imetoka jukwaani na kwenye sinema. Mwaka 1921 Hollywood ilimwonyesha Rudolph Valentino akicheza tango amevaa kama mchunga ng'ombe wa Argentina, vazi ambalo mtu wa mjini Buenos Aires asingeingia nalo ukumbini. Miaka ya 1980 maonyesho makubwa ya tango yalianzia Paris yakafika Broadway, na wachezaji wake walivaa ili waonekane na mtu aliyekaa safu ya mwisho kabisa: mpasuo mrefu, soksi za wavu, nguo za kumetameta. Kwa jukwaa, sawa. Tango ya ukumbini ni nyingine. Ilistawi katika vilabu vya mitaa ya Buenos Aires kati ya miaka ya 1930 na 1950, na watu walikwenda wamevaa nguo zao nzuri za kutokea, wanaume suti, wanawake magauni ambayo kesho yake wangeweza kuyavaa kwenye sherehe ya familia.

Hata huo mpasuo ulianza kama ujanja wa mafundi. Tango ilipoingia Paris na London kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mtindo wa wakati huo ulikuwa sketi zilizobana miguu kiasi kwamba mwanamke alitembea kwa hatua fupi fupi. Ndani ya sketi hiyo huchezi chochote. Mafundi wakaipasua, wengine wakaifanya ipishane kwa mbele, mguu ukapata njia. Kazi ya mpasuo ni kuupa mguu nafasi, na nafasi hiyo inapatikana kwa namna nyingine bila paja lako kuonwa na mtu.

Sasa kualikwa. Katika milonga za jadi, yaani zile jioni za kucheza zinazofuata desturi za zamani, mwanamume haji mezani kukunyooshea mkono. Anakutazama akiwa upande wa pili wa ukumbi. Ukiyapokea macho yake anatikisa kichwa kidogo, nawe unaitikia kwa kichwa, basi mmekubaliana. Wenyewe wanaita cabeceo. Fikiria hapo anaona nini: umekaa, meza imekufunika kuanzia kiunoni kwenda chini. Anaona uso, mabega, na rangi iliyo karibu na uso. Kama umeshacheza, ameona pia namna unavyotembea, na hilo lina uzito kuliko yote. Mpasuo uko chini ya meza pamoja na mkoba wako. Kwa hiyo rangi nzuri iweke juu, shingo iwe wazi kiasi unachopenda wewe, nywele zisikufunike macho, na usikae umeinamia simu. Mwanamke aliyeinamia simu hata avae hariri haalikwi, kwa sababu hakuna macho ya kukutana nayo.

Tushuke chini. Hukusema unafanyia mazoezi kwa viatu gani, ila nikisikia goti linamuuma mtu anayejifunza ocho, zile hatua za kugeuka zinazochora nane sakafuni, na giro, yaani kumzunguka mwenzako, kitu cha kwanza ninachotaka kuona ni soli zake. Sababu ni hii. Katika tango unageuka ukiwa umesimama kwa mguu mmoja, uzito wote uko kwenye sehemu ya mbele ya unyayo, nyuma kidogo ya vidole. Kiuno na nyonga vinazunguka, na unyayo unatakiwa uzunguke pamoja navyo. Soli ikiwa ya mpira, kama za raba au za viatu vya kutembelea, inashika sakafu. Mwili umeshageuka, unyayo umebaki nyuma, na msokoto ule lazima uishie mahali. Unaishia kwenye goti, ambalo limeumbwa kama bawaba ya mlango: kukunja na kukunjua linaweza, kusokotwa haliwezi sana. Ukirudia hivyo mara mia kwa jioni moja, kila wiki, goti litalalamika hata kama una miaka 20.

Dawa yake ni soli ya ngozi laini au ya swedi, ile ngozi yenye uso wa nyuzi fupi. Swedi inashika kidogo zaidi kuliko ngozi laini, kwa hiyo mtu anayejifunza anajisikia salama nayo, na sakafu ikiwa imeng'arishwa sana haitakutelezesha. Ikishakuwa nyeusi na ya kung'aa kwa uchafu, isugue kwa brashi ya waya, nyuzi zitasimama tena. Usitoke nayo nje. Maji na vumbi vya barabarani vinaiua. Ngozi laini inateleza vizuri zaidi kwenye sakafu isiyoteleza kirahisi, ya vigae au ya zamani iliyochoka. Huna haja ya kununua viatu vipya ili ujaribu: chukua kiatu ambacho tayari kinakukaa vizuri, mpelekee fundi viatu, akibandike soli ya swedi. Ni gharama ndogo, na ndani ya wiki mbili tatu za mazoezi utajua kama soli ndiyo ilikuwa ikilitesa goti. Kuna watakaokushauri umwage poda sakafuni. Usifanye hivyo hata siku moja. Poda haikai chini ya mguu wako peke yako, na mtu mwingine ataanguka kwa ajili yako.

Je, sentimita tisa? Wanaokuambia kwamba bila kisigino kirefu huwezi kuuleta uzito mbele wamechanganya mambo mawili. Uzito unaletwa mbele na mwili mzima unaoinama kidogo kutoka kwenye kifundo cha mguu, na hilo unaweza kulifanya ukiwa peku. Kisigino kinakurahisishia tu, kwa kuwa tayari kimekuinua. Bei yake ni kwamba kadiri kinavyopanda ndivyo mzigo unavyohamia kwenye sehemu ya mbele ya unyayo, yaani palepale penye nundu yako. Wapo wanawake wanaocheza vizuri sana kwa viatu vya chini, Buenos Aires na hata huko Berlin uliko, na hakuna anayewafukuza. Mimi kwa mguu uliouelezea ningeanza na kisigino cha sentimita nne hadi sita, kinene kidogo, na viatu vya chini kabisa mkobani kwa saa ya mwisho ya usiku, miguu ikishavimba.

Urefu wenyewe, hata hivyo, una uzito mdogo kuliko watu wanavyodhani. Angalia kisigino kimekaa wapi. Ukikitazama kiatu kwa ubavu, ncha ya kisigino iwe chini ya katikati ya mfupa wa kisigino chako. Ikiwa imesukumwa nyuma sana, kiatu kitayumba kila unapotua. Mkanda wa kifundoni uwe wa kufunga kweli, maana kiatu kinachochomoka kisigino kinakulazimisha kukikamata kwa vidole, na vidole vilivyokunjwa havigeuki. Kwa nundu tafuta kiatu ambacho mbele yake kina mikanda laini inayopishana, au chenye uwazi pembeni pale nundu ilipo, na uhakikishe hakuna mshono unaopita juu yake. Jaribu viatu jioni, baada ya kutembea siku nzima. Viushike mguu bila kuibana nundu, na vidole visipite ukingo wa soli.

Buenos Aires utakuta maduka mengi ya viatu vya tango. Duka la Comme il Faut linajulikana dunia nzima kwa viatu vyake virefu na vya rangi, na watalii hutoka wamebeba maboksi. Vipendeze macho yako, lakini usinunue pea tatu siku ya kwanza. Nunua moja, icheze usiku miwili, halafu ndiyo urudi.

Gauni. Mwanamke katika tango, anapofuata, anatembea kinyumenyume sehemu kubwa ya wimbo, na mguu unanyooka kwenda nyuma kutoka nyongani. Hilo linaamua karibu kila kitu kuhusu sketi. Fanya jaribio hili nyumbani: jifunge kanga kiunoni kwa kuibana, kisha piga hatua ndefu ya kurudi nyuma. Utahisi inapokukamata. Kwa watu wengi ni magotini, na hapo ndipo sketi inapohitaji upana. Kama kitambaa hakivutiki na hutaki mpasuo, mzunguko wa upindo uanzie sentimita 140 kwenda juu, na nafasi hiyo itoke kwenye vipande vinavyopanuka kuanzia mapajani, kiunoni pabaki pamekaa vizuri. Marinda mawili ya nyuma yaliyoshonwa mpaka chini ya makalio kisha yakaachiwa yanafanya kazi hiyo hiyo. Ukisimama yamelala, ukipiga hatua yanafunguka. Ukitaka mpasuo wa heshima, uwe wa nyuma au wa pembeni, uishie kiganja kimoja juu ya goti, na pande zake zipishane ili ukikaa usifunguke.

Urefu: sentimita tano hadi kumi chini ya goti. Gauni la kufika kifundoni linapendeza kwenye picha, lakini ukirudi nyuma kisigino chako mwenyewe kinaweza kulikanyaga, au mguu wa mwenzako ukatua juu yake, na hapo ama litapasuka ama mtaanguka. Fupi sana nalo lina tabu yake, litakupandia kila mkono wako unapoinuka. Kwa heshima unayoitaka, vaa taiti nyembamba nyeusi ndani, zinazoishia juu ya goti, na gauni liwekewe bitana ya kuteleza. Bila bitana pamba itang'ang'ania taiti na kupanda juu kila ocho.

Kuhusu unene, ninalo neno moja ambalo wauza nguo hawatakuambia. Usivae kile kibana tumbo. Ocho na giro vinatokana na kifua kugeuka huku nyonga zikichelewa kidogo, kisha nyonga zikafuata. Ukikifunga kiwiliwili kuanzia kifuani mpaka mapajani, kifua na nyonga vinageuka kwa pamoja kama gogo, kwa hiyo msokoto unatafuta tena sehemu ya kutokea, na tumeshajua ni wapi. Pumzi nayo inakuwa fupi. Na mwanamume aliyekukumbatia anahisi gamba gumu pale alipotarajia mtu. Chukua kitambaa cha uzito wa kati kinachoanguka, kikae mwilini bila kubana. Tumbo si tatizo katika kukumbatiana. Tango ya ukumbini inachezwa na miili ya kila aina na ya kila umri, na wazee wenye vitambi vyao ndio mara nyingi hutembea vizuri kuliko wote.

Kitenge basi. Naam, shona, na wala hutakuwa kituko. Kitenge cha pamba kinanyonya jasho, na maua yake yanaficha alama za jasho vizuri kuliko rangi moja iliyokolea. Kasoro yake ni kwamba ni kigumu na hakivutiki, kwa hiyo mshono uwe wa akili. Kifue kwanza kwa maji ya moto, kiondoe gundi na kisinyae kabla hakijakatwa. Sketi ikatwe kwa mshazari kama kitambaa kinatosha, hapo kitaanguka badala ya kusimama. Na zaidi ya yote, mwambie fundi akukatie kwapa juu, karibu na mwili. Watu wengi huomba kwapa pana wakidhani mkono utapata uhuru, lakini matokeo ni kinyume. Mkono wako wa kushoto unapanda kwenye bega au mgongo wa mwenzako na kubaki hapo wimbo mzima. Kwapa likiwa limeshuka, ukiinua mkono unaliinua gauni zima, mpaka upindo. Likiwa juu, mkono unapanda peke yake. Ukitaka mikono, iwe mifupi na myepesi. Yale mapulizo makubwa ya mabegani yaliyo kwenye mitindo ya vitenge siku hizi yaache ya harusi. Yatamziba macho mwenzako, naye anahitaji kuona ronda, mzunguko wa wachezaji unaokwenda kinyume cha saa, asikugonge na wengine.

Hapo nimegusia jambo ambalo wanaonunua nguo mbele ya kioo husahau: gauni la tango linashikwa. Kuna mkono wa mtu mgongoni mwako kwa tanda nzima, nyimbo tatu au nne, kama dakika kumi hivi. Vipande vya kumetameta vinakwaruza kiganja na kunasa kwenye shati. Zipu nene katikati ya mgongo inauma pande zote mbili, afadhali iwe ya ubavuni, na kwa kuwa mkono wake wa kulia unakuzunguka kutokea upande wako wa kushoto, zipu iwekwe kulia. Mgongo ulio wazi kabisa ni mzuri kwa wimbo wa kwanza, baada ya hapo anashika jasho, na wapo wanaume waungwana wasiojua waweke wapi kiganja. Bangili na saa zitoe. Hereni ziwe fupi, maana mashavu yanakutana. Kama umesuka rasta ndefu, zifunge juu, kwa sababu kwenye giro zinampiga mtu usoni. Marashi kidogo sana, na vipodozi vya uso vilivyokauka vizuri, la sivyo utaacha uso wako kwenye shati la kila unayecheza naye.

Mumeo ni rahisi. Suruali ya kitambaa iliyolegea kidogo mapajani, shati la pamba, viatu vya soli ya ngozi. Mifuko mitupu: funguo, simu na pochi vibaki mezani, kwa kuwa kila kilichomo kinahamia kwenye mbavu za mwanamke. Mkanda wenye bamba kubwa hapana. Abebe mashati mawili ya kubadilisha na kitambaa cha jasho. Koti la suti linapendwa katika kumbi za jadi, na lina faida moja isiyosemwa: linamkinga mwanamke asilalie shati lililolowa. Akivaa koti, ajaribu kwanza kuinua mikono yake nalo. Kama kola inapanda mpaka masikioni, anahitaji koti jingine.

Agosti huko ni majira ya baridi. Mchana hufika nyuzijoto 17 hivi, usiku ni baridi kwa mtu aliyelowa jasho. Ndani ya ukumbi uliojaa kuna joto. Kwa hiyo gauni jepesi, sweta na koti zito la njiani, na viatu vya kucheza ndani ya mfuko wake. Wenyeji hubadilisha viatu wakifika. Ni pia mwezi wa mashindano ya dunia ya tango, mji unajaa wageni, na kumbi hazifanani. Salón Canning usiku wa watu wengi utaona watu wamevaa vizuri. La Catedral jinzi ni kawaida. Klabu ya Sunderland huko Villa Urquiza watu huchezea kwenye uwanja wa mpira wa kikapu, na bado wazee wanakuja na suti. La Glorieta, kwenye kibanda cha bustani kule Belgrano, ni uwanja wazi, basi vaa kwa hali ya hewa na uchukue viatu usivyovionea huruma. Gauni lako la kitenge litafaa Canning na Sunderland bila shaka. Huko Catedral utakuwa umependeza kuliko wengi, na hilo si kosa.

Kuna mambo mawili ambayo siwezi kuyatatua kwa maandishi. Kwanza goti. Ukibadilisha soli, ukapunguza mazoezi kwa wiki mbili tatu, na bado linauma, nenda kwa daktari kabla ya safari. Usisubiri hata wiki hizo ikiwa limevimba, linakwama ukilikunja, linalegea ghafla ukishuka ngazi, au linauma usiku ukiwa umelala. Nundu nayo mwonyeshe mtaalamu wa miguu kama ngozi juu yake inawaka moto, imebadilika rangi, au kidole kimeanza kupanda juu ya mwenzake. Anaweza kukutengenezea kisoli cha ndani, na hicho ukibebe unapokwenda kujaribu viatu, maana kinabadilisha saizi. Kama una kisukari usingoje dalili yoyote, vidonda vya viatu kwenu si vya kuchezea.

La pili ni mwalimu wako. Mwombe akutazame ukigeuka, kwa mguu wa kulia peke yake, taratibu, ukiwa umevaa gauni na viatu utakavyosafiri navyo. Akiona kisigino kinatua kabla hujamaliza kugeuka, au goti linaelekea ndani wakati vidole vinaelekea nje, tatizo halitakuwa limetokana na viatu pekee, na hapo ni kazi ya ufundi wa mguu ambayo inahitaji macho ya mtu aliye karibu nawe. Gauni lishonwe mwezi mmoja kabla ya safari, ulichezee Berlin angalau jioni nzima, kisha ulirudishe kwa fundi na malalamiko yako.